Kwale mjini, huko watu hupanda kufuata karatasi tu

Mtu wa Mombasa ukimtajia Kwale akili yake yaenda Diani moja kwa moja. Mchanga mweupe, ngamia, watalii wamelala juani mpaka wameiva. Akijitahidi sana atakwambia Ukunda, ama Lungalunga kule mpakani na Tanzania. Ule mji wenyewe wa Kwale, makao makuu ya kaunti, uliokaa juu kilimani, huo waujua watu wenye kesi na watu wenye urithi. Kuna watu wamezaliwa Likoni wamekulia Likoni, vilima vya Shimba wanaviona kule mbali kila siku na juu hawajakanyaga. Basi hii posti ni ya Kwale mjini. Za Diani zimeshaandikwa mpaka zimeisha utamu.

Kufika si kazi. Sisi wa Likoni matatu za Kwale ziko hapa hapa steji, unapita Shika Adabu, Ng'ombeni, Waa, mkifika Kombani gari za Ukunda zanyoosha na wewe wakata kulia unaanza kupanda. Wa kisiwani wana feri (wa miguu bure, gari ndo inalipa) na wa Changamwe na Miritini siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu, unapita daraja la Mteza ambalo peke yake ni karibu kilomita moja na nusu, unaibukia Kibundani hujaiona feri wala foleni yake. Hii barabara naona watu bado hawajaielewa vile imebadilisha mambo. Zamani mzigo wa South Coast wote lazima ushuke Likoni usubiri kuvuka, iwe maembe iwe mawe iwe mgonjwa. Sasa hivi lori latoka Kwale laenda zake Nairobi bila kuigusa feri.

Toka Kombani kwenda juu ndo utajua umetoka pwani ya joto. Mji uko kama mita 400 juu ya bahari, na hiyo si nyingi kwa watu wa bara lakini kwa sisi tuliozoea jasho la Mombasa ni nchi nyingine. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna ukungu, watu wamevaa masweta, chai yafuka moshi kweli. Miembe mikubwa kando ya barabara, minazi, mikorosho, nyumba za mabati zimekaa mbali mbali. Halafu ghafla ofisi. Ofisi, ofisi, bendera, gari za serikali, ofisi tena. Huo ndo mji.

Na hapa ndo kuna jambo langu. Kwale mjini ni mji unaoishi kwa karatasi. Si kiwanda, si bandari, si hoteli za kitalii, ni karatasi. Tangu zamani ilikuwa makao makuu ya wilaya, DC, mkuu wa wilaya, alikuwa hapo, koti hapo, ofisi ya ardhi hapo. Ugatuzi ulipoanza 2013 ikaongezeka serikali ya kaunti, bunge la kaunti, mawaziri wa kaunti, makontrakta wanaofuata mawaziri wa kaunti. Kaunti nzima ilikuwa na watu 866,820 kwa sensa ya 2019, toka Kinango kwenye ukame mpaka Vanga baharini, na wote hao siku moja katika maisha yao kuna karatasi itawapandisha Kwale.

Chukulia mambo ya urithi tu. Mzee amekufa ameacha shamba, watoto wako saba, mmoja yuko Mombasa, mmoja Saudia, mmoja hataki kusikia lolote. Mwislamu anaenda kwa Kadhi, na Kadhi yuko hapo hapo mjini. Asiye Mwislamu ama familia ikiamua njia ile nyingine inaanza na barua ya chifu, cheti cha kifo, fomu za koti, tangazo kwenye gazeti la serikali siku 30, halafu miezi sita ndo ile hati ya kusimamia mirathi ithibitishwe, halafu ofisi ya ardhi, halafu sorveya. Sasa kila hatua hapo ina mtu anayekula. Wa fotokopi anakula. Wa picha za pasipoti anakula. Boda aliyemshusha bibi mpaka mlango wa koti anakula, wakili anakula sana, mama wa chapati anakula kidogo lakini kila siku. Nimekaa kwenye vile vibanda karibu na koti nikahesabu kichwani, nikaona kesi moja ya shamba la ekari nne yalisha kijiji kabla hata hilo shamba halijagawanywa.

Na kwa Wadigo, wenyeji wa huku, kuna kitu cha ziada, ambacho wengi wa mjini hatukijui. Zamani mali yao ilikuwa yafuata upande wa mama. Mtu akifa anayerithi si mtoto wake, ni mtoto wa dada yake, yani mjomba ndo mwenye wewe. Uislamu ulivyoshika, na sheria za serikali zikaja, ikageuka mtoto anarithi babake. Lakini haikugeuka siku moja, kuna familia zilifuata huku na nyingine huku, na kuna wazee waliotoa shamba kwa mpwa kabla ya kufa na watoto hawakuambiwa. Leo hii miaka hamsini baadae mjukuu wa huyo mpwa na mjukuu wa huyo mzee wamekaa benchi moja wasubiri waitwe, na kila mmoja ana haki yake ukimsikiliza. Mimi siwacheki. Ardhi ya pwani kwa jumla ina historia chafu ya watu kuishi shamba vizazi na hati iko kwa mtu mwingine, sasa ukiongezea na hilo la mjomba utaelewa kwa nini zile benchi hazikauki.

Tatizo la mji wa karatasi ni kwamba pesa yake haikai. Wafanyakazi wengi wa zile ofisi hawalali Kwale. Wanalala Ukunda, Likoni, wengine mpaka kisiwani na Bamburi, asubuhi wanapanda jioni wanashuka. Ukifika saa nne mji umejaa, parking hakuna, hoteli zote wali umeshaanza kunukia, ukifika saa kumi na moja jioni utadhani kumetokea jambo. Jumamosi na Jumapili ndo usiseme. Mwisho wa mwezi mshahara ukiingia simu zalia ting ting ting, lakini ule mshahara wenda kulipa rent Ukunda na shule Mombasa, Kwale waachia ya chai na ya chakula cha mchana. Na mgao wa kaunti ukichelewa kutoka Nairobi, jambo ambalo lipo kila mwaka, wa kwanza kujua si mchumi, ni yule mama wa chapati, sababu daftari lake la deni lajaa.

Kuna watu hula pesa ya semina pia, lakini hiyo nayo yashikwa njiani, Matuga pale kuna Chuo cha Serikali, Kenya School of Government, wanafunzi wake ni maafisa wa kutoka nchi nzima, wanalala huko huko chini. Kupanda huku juu hawana haja.

Sasa mtu ataniuliza, kwani hakuna kilimo? Kipo, na kizuri. Kwale inazaa. Maembe ya ngowe na boribo, machungwa ya upande wa Shimba Hills, korosho, nazi, mihogo, ndizi, bixa (zile mbegu nyekundu za kutia rangi vyakula, zinalimwa huku na zinakwenda nje). Ukipita mwezi wa kumi na mbili miembe yote imeinama, chini maembe yameoza mbuzi wamekinai. Na hapo ndo uchungu ulipo. Embe laiva lote kwa wakati mmoja, mkulima hana pa kuweka, broka anakuja na pikapu anajua kabisa huna pa kuweka, anataja bei anavyotaka, mzigo unakwenda soko la Kongowea Mombasa usiku na asubuhi embe hilo hilo mtu wa Nyali analinunua mara kadhaa ya ile bei. Korosho hivyo hivyo. Ilikuwa na kiwanda kikubwa Kilifi, kikafa, tangu hapo mkulima anauza mbichi na ganda lake. Mimi nimenunua korosho za kukaanga kwenye kibanda pale pale Kwale, zimebanguliwa kwa mkono na bi mkubwa mmoja nyumbani kwake, vidole vyake vimebadilika rangi kwa yale mafuta ya ganda yanayounguza, na tamu kushinda za supamaketi zote. Hakuna lebo, hakuna nembo, kifuko cha nailoni na fundo. Watalii wa Diani wangezichukua zote wakijua ziko.

Kuna ile ya madini nayo niitaje tu, titanium ya kampuni ya Base, ilianza kusafirisha 2014 kupitia gati yao hapa Likoni na uchimbaji ukafungwa mwisho wa 2024. Ile ilikuwa upande wa Msambweni si huku kilimani, lakini kaunti ilikuwa yajivunia na vijana wengi walipata kazi, sasa hivi watafuta lingine. Na tuwe wakweli, ukiacha madini kaunti imejenga jina kwa elimu, ule mpango wa basari wa Elimu ni Sasa alioanza Mvurya alipokuwa gavana, ukienda nyumba za huko ndani unakuta kijana yuko shule ya kitaifa Nairobi analipiwa. Hiyo haiingii kwenye hesabu za soko lakini nairekodi.

Halafu maji. Hili watu wa Mombasa wanapaswa kulijua na hawalijui. Ule msitu wa Shimba ndo unashika mvua, na chemchemi za Marere zilizomo humo zimekuwa zikiteremsha maji kwa mabomba mpaka Mombasa tangu enzi za ukoloni, kabla hata maji ya chemchemi za Mzima kule Tsavo hayajaletwa 1957. Leo hazitoshi mji wote, ni sehemu ndogo ukilinganisha na maji ya Baricho na Mzima, lakini bado zipo kazini. Na sasa hivi bwawa la Mwache linajengwa huko huko kaunti ya Kwale, upande wa Kinango, na mteja mkubwa ni nani? Mombasa. Ukipita vijiji vya pembeni ya msitu utakuta wasichana na mitungi ya njano wameipanga foleni. Sina la kuongeza hapo.

Basi tuje kwa mambo ya kutembea, maana nimesema vya pesa nimechoka.

Hifadhi ya Shimba Hills lango lake kuu liko mbele kidogo tu ya mji, boda yafika chap chap. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968. Nyinyi mlozoea Tsavo, ile tambarare nyekundu ya vichaka, huku sahau, huku ni msitu wa kweli, mrefu, umefungana, kisha wafunguka unatokea kwenye majani mafupi mabichi yenye upepo. Pengo Hill ukisimama unaiona bahari Hindi yote chini, na ufuo, na siku ikiwa safi watu husema waona mbali zaidi ya hapo, mimi bahari ilinitosha. Kiingilio ni cha KWS, shirika la wanyamapori, na wanataka ulipe kwa mtandao kabla, eCitizen ya serikali, usiende na noti mkononi utarudishwa, na mwananchi analipa kidogo kuliko mgeni kwa hiyo kitambulisho usisahau.

Mnyama wa huku ni palahala. Ni swara mkubwa, dume ni jeusi tii na tumbo jeupe, uso una mistari, pembe ndefu zimepinda kurudi nyuma kama majambia mawili. Kenya nzima huyu mnyama porini yupo Shimba peke yake, si Mara, si Tsavo, si Amboseli. Hapa tu, kwa kina sisi. Nimeshaona watu wanatoka Ulaya wamekuja na madarubini kwa ajili yake na mimi jirani wa Likoni nilikuwa sijui jina lake mpaka nikiwa mtu mzima. Ukitaka kumuona nenda asubuhi mapema, wanatoka kwenye majani kula, jua likipanda wanarudi msituni na utaona ndege na kima tu.

Maporomoko ya Sheldrick ndo yale mengi mnayaona kwenye picha za Instagram. Ni mita 21, maji yaanguka kwenye kidimbwi na unaruhusiwa kuoga. Unateremka kwa miguu na askari wa KWS mwenye bunduki, sababu ya ndovu, kwenda ni kushuka kwa hiyo watu wanaimba na kupiga soga, kurudi ni kupanda na hakuna anayeimba. Vaa viatu. Nimeona dada amekuja na vile viatu vya harusi akaishia kubebewa na binamu yake, ikawa vita njia nzima. Maji ni baridi, tena baridi ya kukukata pumzi, si kama bahari yetu.

Ndovu ni wengi kiasi cha kuwa shida. 2005 KWS walihamisha kama 150 wakawapeleka Tsavo Mashariki kwa malori sababu msitu ulikuwa umebana na mashamba yaliliwa. Fensi ya umeme ipo lakini ndovu ana akili, atasukumia mti juu ya waya apite. Upande wa kaskazini kuna Mwaluganje, na hii ni hadithi nzuri. Ilikuwa ni njia ya ndovu ikipita mashambani kwa watu, mahindi hayavunwi, minazi inang'olewa, mtu anauawa. Miaka ya tisini wenyeji wakakaa chini wakakubaliana waache kulima sehemu hiyo, iwe hifadhi yao wenyewe, na mwenye ekari zake apate mgao wa viingilio vya lango. Badala ya kuvuna mahindi unavuna ndovu. Walianzisha mpaka kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha ndovu, yenye nyuzi nyuzi, kadi na madaftari ya kuuzia wageni. Shida yake ni kwamba wageni wakipungua, iwe ni uchaguzi, iwe ni korona, mgao nao wapungua, na tumbo halijui kama ni msimu mbaya wa utalii. Ndovu yeye yuko pale pale.

Na angalia vile hiyo biashara inavyokwenda. Mgeni wa Diani anauziwa safari ya nusu siku na hoteli yake ama kijana wa ufuoni, anachukuliwa na gari asubuhi amefungiwa chakula kwenye boksi, anapita katikati ya Kwale mjini vioo juu, anaingia langoni, anaona palahala, anaogelea, anakula boksi lake, anateremka. Mji amepita mara mbili na hajaacha hata shilingi ya soda. Sisi wa Mombasa twafanya hivyo hivyo, tena sisi wabaya zaidi, twabeba biriani kwa sufuria kutoka nyumbani. Sisemi kwa ubaya, nami biriani nabeba, lakini ukitaka kujua kwa nini mji wenye msitu mlangoni hauna hata mkahawa mmoja wa maana wa wageni, ndo sababu.

Kumbe chakula kipo. Nenda katikati ya wiki, saa sita na nusu, kabla koti haijatoka mapumziko. Wali wa nazi uliopikwa kwa tui la nazi yenyewe si la unga, maharagwe ya nazi, samaki wa kukaanga aliyepandishwa toka Tiwi asubuhi, na mchunga, ile mboga chungu ya Wadigo, usiogope uchungu, uombe ndimu. Asubuhi mahamri na mbaazi. Ukimaliza sema "ahsante mama", utaongezewa mchuzi. Bei ni ya mtu anayesubiri kesi, yani nafuu.

Kaya nazo ziko kaunti hii, zile misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2008. Iliyozoea wageni ni Kaya Kinondo karibu na Diani, unavalishwa kitambaa cheusi na unaambiwa usichukue hata jani. Nyingine usiende kichwa kichwa, kuna wazee wake, uliza kwanza.

La mwisho ni ploti, sababu najua nusu ya mnaosoma mtanipigia simu kuhusu ploti. Tangu Dongo Kundu ifunguke mabroka wamejaa toka Kombani kwenda juu, kila mti una kibao, "viwanja vyenye hati tayari", "view ya bahari", picha ya nyumba ya ghorofa ambayo haipo. Bei nazo zimeota mbawa. Kununua nunua, hali ya hewa ni nzuri na hewa ni safi. Ila uliza maji ya bomba yanafika ama yanapita tu kwenda Mombasa. Uliza kama ni njia ya ndovu, na hilo usimuulize broka, muulize mama anayelima shamba la jirani. Na kabla hujatoa hata ya kishika mkono, panda mwenyewe mpaka ofisi ya ardhi ukafanye search kwa jina lako, uone hati ni ya nani, usitumiwe picha ya cheti kwa WhatsApp, halafu tafuta wazee wa pale uwaulize shamba lilikuwa la nani kabla ya huyu, na mjomba wake alikuwa nani.